Kompyuta Iliyoingia Kona ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Lemara alikuja na begi moja, mkeka mmoja na cherehani. Begi likaingia chumbani, mkeka ukaingia chini ya kitanda, na cherehani ikakaa sebuleni kwenye kona ya dirisha, mahali pekee katika nyumba ile penye mwanga wa kutosha na soketi isiyotoa cheche. Hakuniuliza. Alionyesha kwa kidole, mwanawe akaibeba, na kona ikawa yake.

Sikumpenda, na yeye hakunipenda. Alizaliwa Pangani, akaletwa Arusha na mume aliyekuwa akiuza nguo Daraja Mbili, na kwa miaka yote aliyokaa bara hakuwahi kukiri kwamba amehama. Alikuwa mgeni tu, anasubiri kurudi. Mimi natoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwa wafugaji, Walutheri wa kukaa benchi la mbele. Kwetu tulisema Kimaa. Kiswahili nilikutana nacho darasa la kwanza, kwa fimbo. Nilisilimu nikaolewa na mwanawe, na hilo la kusilimu alilipokea. Ambalo hakulipokea ni namna ninavyozungumza.

"Kiswahili chako kina kwato," aliniambia wiki ya kwanza alipohamia, mbele ya jirani aliyekuja kushonesha gauni. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta.

Na kazi yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa Kiswahili. Nilikuwa mpiga chapa wa shirika la umma mpaka lilipouzwa, na wenye mali wapya wakatupunguza kama watu wanaopogoa mti. Mjini kulikuwa na asasi kila mtaa, za maji, za wanawake, za mifugo, na zote zilikuwa na makaratasi ya Kiingereza yaliyohitaji kusomwa na watu wasiojua Kiingereza. Nikaanza kutafsiri. Nilichapia kwenye steshenari ya mjini, nikiwa nimebanwa kati ya wanafunzi wanaochapa barua za kuomba kazi. Ndipo asasi moja ya mifugo, yenye ofisi Njiro, iliponiambia kwamba itanipa kazi za kudumu iwapo nitakuwa na kompyuta yangu nyumbani.

Mume wangu alikubali tununue. Kisha akauliza, "Tutaiweka wapi?"

Watoto walikuwa na chumba cha nyuma, mama yake chumba cha kati, sisi chumba cha mbele ambacho ukifungua kabati lazima ufunge mlango. Swali lake lilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa limekaa pale dirishani linashona sare za shule.

Nilimfuata baada ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo shikamoo mara mbili. Unataka nini?"

"Nataka kuweka kompyuta. Naomba nusu ya meza."

Aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza. "Cherehani hii ndiyo iliyomsomesha mumeo."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua usingesema nusu."

Alivua futi ya kamba iliyokuwa ikining'inia shingoni, akaipima meza kutoka ukutani, akachukua chaki yake ya kukatia nguo na kuchora mstari. "Inchi ishirini na mbili. Ikizidi hata moja nitaisukuma ianguke, na sitasema ni bahati mbaya."

Kompyuta nilizozizoea mimi zilikuwa na monita yenye mgongo kama wa nguruwe, sipiyu ya kuweka chini inayovuma, stebilaiza, kibodi, kipanya na waya za kujikwaa. Hiyo ingehitaji meza nzima na sehemu ya sakafu. Mume wangu alitaja laptopu. Nilikataa. Nilishawahi kuazima moja kwa mwezi mzima, shingo ikakaa upande kama ya kuku aliyechinjwa vibaya. Na mwaka ule wezi wa Lemara walikuwa wakivua vitu dirishani kwa fimbo yenye ndoano. Nilitaka kitu kizito, kinachosimama, kinachokaa ndani ya inchi ishirini na mbili.

Jumamosi tulipokuwa tunatoka kwenda mjini nilimkuta mama mkwe mlangoni amevaa baibui, futi shingoni juu ya baibui. Sikumwalika. Mume wangu alitazama viatu vyake.

Maduka ya kompyuta yalikuwa yamejaa mjini. Tangu biashara ilipofunguliwa, kila kilichochoka Ulaya na kila kilichobaki Dubai kilipanda mpaka Arusha kikapangwa kwenye kioo, kikafutwa vumbi. Tuliingia duka la kwanza lililokuwa na feni. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwendea mume wangu moja kwa moja.

"Karibu, mzee. Unataka ya ofisi au ya watoto kuchezea?"

"Ni yangu," nilisema. "Ya kazi."

"Ya ofisi, basi," alimwambia mume wangu, akaanza kumweleza mambo ya kumbukumbu na kasi. Nilipouliza kuhusu kibodi, jibu lilikwenda kwa mume wangu. Nilipouliza kuhusu umeme unaokatika, jibu likaenda kwa mume wangu, ambaye alikuwa anaitikia kwa kichwa bila kuelewa neno.

Alituonyesha aina moja ambayo sikuwahi kuiona kwa karibu. Haikuwa na sipiyu. Kila kitu kilikuwa nyuma ya kioo, chembamba kama sinia lililosimamishwa. "Hii tunaiita ol-in-wan," alisema. "Haili nafasi." Ilikuwa pana, maridadi, na herufi zake zilikuwa nyeusi sana. Niliitaka palepale. Niliweka mkono juu yake ili ijulikane.

Mama mkwe alivua futi.

"Ishirini na sita," alisema. "Hapana."

"Mama, ni inchi nne tu."

"Kaptula ikipungua inchi nne mtoto anavaa nini?"

Muuzaji alicheka, na kuanzia hapo akaacha kuzungumza na mume wangu akazungumza na yeye. Mimi bado sikuwepo. Alimpitisha rafu moja baada ya nyingine, mama mkwe akipima, akikataa, mpaka wakafika kwenye mashine ndogo iliyowekwa nyuma karibu na choo.

"Ishirini na moja na nusu. Hii."

"Lakini hii ni ya kutachi, mama," muuzaji alisema. "Unagusa kioo chenyewe. Hata ukitumia ncha ya kalamu inakubali."

Nilisema siitaki. Niliwaambia wote watatu kwamba nimepiga chapa miaka ishirini kwa vidole vyangu juu ya vitufe, kwamba kioo cha kugusa ni cha kuchafuka na kuharibika, na kikiharibika hakuna fundi Arusha atakayekifungua asikifanye kibaya zaidi. Muuzaji alikuwa amemshika mama mkwe mkono, anamwongoza kidole. Kioo kikafunguka. Akamwonyesha namna herufi zinavyoinuka chini ya kioo zikajipanga, hata kibodi isipokuwepo. Mama mkwe akaandika *bismillahi*, herufi moja moja, kama anayechagua mchele. Kisha muuzaji akamfundisha kuweka vidole viwili na kuvitawanya, na neno likavimba mpaka likajaa kioo.

Mama mkwe alivua miwani. Alisogeza uso, akaurudisha nyuma. "Inakuza," alisema, si kwangu.

Tukainunua hiyo. Kompyuta ya kazi yangu ilichaguliwa na futi ya mtu mwingine, na njiani nilibeba boksi mwenyewe kwa sababu sikutaka mtu yeyote kati yao aliguse.

Kazi ya kwanza kutoka Njiro ilikuwa kijitabu cha kulea ndama. Nilikijua kitu hicho kuliko aliyekiandika; nimekua nikishika ndama kwa masikio. Niliketi upande wangu wa mstari wa chaki na yeye upande wake. Cherehani ikizunguka, kioo changu kilitetemeka na mistari ikacheza. Vipande vya uzi viliingia kwenye kibodi. Na alikuwa anasoma. Sikumwona akisoma, nilimsikia: kila baada ya muda alitoa sauti ndogo puani, "Mh." Nikifuta neno, kimya. Nikiliandika tena, "Mh."

Siku ya nne nilikwenda sokoni, na niliporudi nikakuta kioo kimechorwa chaki. Miduara mitano, minene, kama anavyoweka alama kwenye kitambaa mahali pa kukata. Nilisogeza maandishi ili nione vizuri, na maandishi yakapanda, lakini miduara ikabaki pale pale, sasa imezunguka maneno yasiyo na kosa lolote.

"Mama, umeandika kwenye kompyuta yangu kwa chaki?"

"Nimeweka alama. Umeharibu kwa kuisogeza."

"Hiki si kitambaa!"

"Kingekuwa kitambaa kingekuwa na faida." Aligeuka. "Umeandika ng'ombe amejifungua. Ng'ombe hajifungui, ng'ombe huzaa. Umemwona leba amelala na khanga?"

Alikuwa sahihi, na hilo lilinichoma zaidi.

"Na hapo umeandika, maziwa ya mwanzo ya rangi ya njano yanayotoka mara baada ya ng'ombe kujifungua. Maneno mangapi hayo? Yanaitwa dang'a. Neno moja. Lipo, limekaa, halidai kitu."

"Wafugaji wa kwetu hawalijui."

"Watajifunza. Mimi nimejifunza majina ya milima yenu."

Nilichukua kitambaa chenye maji nikafuta kioo mbele yake, polepole, mduara mmoja mmoja. Nikaacha *kujifungua*. Nikaacha *maziwa ya mwanzo*. Nilijua ni kosa na niliyaacha kwa makusudi, ili asipate.

Siku ya kupeleka kazi niliamka, nikaoga, nikaihamishia kwenye flashi bila kuipitia tena kwa kuwa nilikuwa nimeipitia jana yake jioni, nikapanda teksi ya kushiriki hadi Njiro, nikaikabidhi. Nilijisikia vizuri mpaka siku ya tatu, simu ilipolia. Alikuwa ofisa wa miradi wa asasi ile, mwanamke mpole ambaye siku hiyo hakuwa mpole.

"Dada, kuna nini hapa? Kwenye ukurasa wa kunywesha ndama umeandika, chovya kwenye aidini mpaka ilowe kabisa, rudia baada ya saa kumi na mbili. Tumchovye nani? Tumnyweshe aidini?"

Maneno yale yalikuwa ya ukurasa wa kitovu. Kitovu cha ndama ndicho kinachochovywa kwenye aidini ili kisioze. Aya nzima ilikuwa imeng'oka mahali pake ikaenda kukaa katikati ya mambo ya maziwa.

"Ingechapishwa," alisema, "tungeua ndama wa wilaya nzima." Kisha, akishusha sauti kidogo: "Lakini daktari wetu wa mifugo amefurahi kuona neno dang'a. Amesema miaka yote anatafuta mtu anayelijua."

Niliweka simu chini. Sikuwa nimeandika dang'a.

Alikuwa anashona kwapa la koti. Nilisimama juu yake. "Uligusa kazi yangu asubuhi ile nilipokuwa naoga."

"Niligusa maneno mawili. Nikaweka yanayostahili."

"Na aya ya kitovu?"

"Aya ipi?"

Hakujua. Nililiona hilo usoni mwake: hakujua kabisa. Kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya maandishi muda mrefu mno, yakashikika, yakaburutwa, na yeye akaendelea kutafuta herufi za dang'a. Ningeweza kuishia hapo. Badala yake nilimwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyahifadhi kwa miaka. Nilimwambia kwamba karibu aue mifugo ya watu wangu kwa kiburi cha watu wake. Nilimwambia kwamba hakuna anayemngoja Pangani, kwamba watu wa huko wamemsahau hata jina, na ndiyo maana yupo hapa amekalia kona ya nyumba ya mtu.

Sindano ilikuwa imesimama ndani ya kitambaa.

"Nyumba ya mwanangu," alisema. "Na wewe ulivyokuja humu hukuwa na hata neno la kuombea maji."

Mume wangu aliporudi kazini kila mmoja alimpa upande wake, yeye chumbani kwake, mimi jikoni. Alisikiliza kote, akasema anaumwa kichwa, akaenda kulala. Kesho yake niliweka neno la siri kwenye kompyuta. Mama mkwe alipoligundua, alipokuta kioo kinamwomba kitu asichokijua, hakuniambia mimi. Alimwambia jirani wa magauni, kwa sauti ya kufika jikoni: "Siku hizi nyumba ina kufuli hata ndani ya kioo."

Tulikaa wiki tatu hivyo. Shikamoo ilitoka na marahaba ikarudi, zote zimekauka. Nilirekebisha kijitabu bure. Asasi ikanipa cha pili, cha magonjwa ya mbuzi, na kwa onyo: hiki ni cha kupima kama tuendelee na wewe.

Nilikwama ukurasa wa kwanza. Sijui kama mtu asiyetafsiri anaelewa hali hii. Nilikijua kitu kwa Kimaa, nilikiona mbele ya macho, mbuzi amesimama na shingo imepinda, na Kiswahili nilichokuwa nacho kilikuwa cha ofisini, cha kuelezea kitu kwa kukizunguka kama mtu anayeogopa kuingia nyumba ya watu. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Upande wa pili wa mstari cherehani ilikuwa inazunguka bila kusita hata kidogo. Hakukuwa na "Mh." Nilitambua kwamba nilikuwa naisubiri.

Nilikaa na uchungu huo siku mbili. Siku ya tatu nilifungua kioo, nikaondoa neno la siri, nikasema bila kumtazama, "Mama, naomba usome hapa uniambie."

"Mimi si msomaji wako."

"Sawa."

Uzi ukakatika. Akautia tena tunduni, akachukua muda mrefu kuliko kawaida. "Nikisoma nitagusa," alisema. "Sisomi kitu nilichokatazwa kugusa, kama mtoto dukani."

"Gusa. Lakini kuna kitufe hiki, cha kurudisha. Ukisogeza kitu kwa bahati mbaya, bonyeza, kinarudi."

"Kila kitu kinarudi?"

"Cha humu ndani."

Alivuta kiti. Kilivuka mstari wa chaki, nami nikasogea kumpisha. Akaweka vidole viwili, akakuza maandishi mpaka sentensi moja ikawa upana wa kioo, akaanza kunitukana. Sina neno jingine. Alisema sentensi hii imetembea kwa magongo. Alisema hii imevaa koti la mtu. Aliuliza kama watu wa Njiro wananilipa kwa uzito. Lakini kila tusi lilikuwa na neno ndani yake, na nilikuwa naliokota neno hilo na kuliweka mahali pake, na sentensi ilisimama. Nami sikukaa kimya. Alipobadilisha *mtamba* akaweka *mbuzi jike*, nilirudisha mtamba.

"Mtamba ndiyo nini?"

"Jike ambaye hajazaa bado. Ni Kiswahili, mama. Cha wanaofuga."

Alilitamka kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Kumbe," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa yeye kupokea kitu kutoka kwangu kisichokuwa sahani.

Tulifanya vijitabu vingi kwa mtindo huo, miaka mingi kidogo. Nisidanganye kwamba tulipatana. Tuligombana juu ya koma. Kuna siku alinifungia nje ya nyumba kwa sababu ya neno *wadau*. Nilimwita majina rohoni ambayo hata leo siwezi kuyaandika, na naamini aliniita zaidi. Mume wangu alizoea kurudi na kutusikia tangu getini, akawa anapitia kwa fundi baiskeli kupoteza muda.

Kisha asasi ya Njiro ikafanya kikao cha kuzindua vijitabu, wakaniambia nije na anayenihariri, kwa kuwa nilikuwa nimewaambia yupo. Sikuwaambia kwamba ni mama mkwe. Alivaa baibui la Idi. Ukumbini, nyumba kubwa yenye ukuta na maua, mkurugenzi alisimama akasifu Kiswahili cha vijitabu vile, akasema ni Kiswahili safi cha pwani, akamwomba mama mkwe asimame apigiwe makofi.

Alisimama. Aliwatazama wote, wenye suti na wenye shuka, kwa jicho lile lile alilokuwa akinitazama mimi.

"Cha pwani kipi?" alisema. "Cha pwani hakina mtamba. Kilichomo humo ni cha mkaza mwanangu huyu. Mimi nilikuwa naondoa takataka."

Akaketi. Watu walicheka, wakapiga makofi, na mkurugenzi hakujua amtazame nani.

Tulipotoka tulikuwa tunasubiri teksi kando ya barabara, vumbi linatupiga. Nikasema, "Ahsante, mama."

"Usinishukuru," alijibu, anatazama kule teksi itakakotokea. "Sikutaka watu waseme mwanangu ameoa bubu."